Wamejitakia?

Liko neno moja ambalo husikika katika nchi yetu kila mara mvua kubwa inapobomoa nyumba za watu na kuchukua roho zao. Wanaolisema si waovu. Ni watu wema, wanaosali na kulipa madeni yao, nao hulisema kwa masikitiko ya kweli huku wakitikisa kichwa: "Wamejitakia." Walioambiwa wahame bondeni hawakuhama, maji yamekuja, basi. Tungependa leo kulitazama neno hili kwa utulivu, kwa maana tumelisikia mara nyingi mno, na sisi wenyewe hatuna hakika kama hatujapata kulisema.

Wasomaji wetu wengi watakumbuka Desemba ya mwaka 1961 ilivyosherehekewa tena miaka hamsini baadaye. Tarehe 9 Desemba 2011 Tanzania Bara ilitimiza nusu karne ya Uhuru, na jiji la Dar es Salaam lilipambwa kwa bendera. Siku kumi na moja tu baada ya hapo, Jumanne tarehe 20, mvua ilianza kunyesha juu ya jiji hilo hilo, pamoja na ngurumo na radi, ikaendelea siku tatu. Ilielezwa kuwa kubwa kuliko zote zilizopata kuonekana mjini tangu nchi kujitawala. Mto Msimbazi, ambao siku nyingine mtoto huuvuka kwa kurukaruka juu ya mawe, ulifurika ukajaza bonde zima, Jangwani, Kigogo, Mchikichini, Hananasifu. Watu walipanda juu ya mabati ya nyumba zao na kungoja kuokolewa. Zaidi ya watu 40 walikufa, na maelfu walibaki bila mahali pa kulala, wakapelekwa kwenye madarasa ya shule. Noeli ya mwaka ule iliangukia Jumapili. Kwa hiyo watu hao waliipokea sikukuu wakiwa wamelala sakafuni, chini ya ubao wenye hesabu za darasa la nne.

Sisi tunaoandika haya tulikuwa bado waseminari wakati huo, tumekuja nyumbani kwa likizo. Jioni ya Ijumaa tarehe 23 tulitakiwa kukaa nyuma ya ukumbi wa parokia moja ya jiji na kuandika kumbukumbu za kikao cha halmashauri, kwa kuwa katibu alikuwa amekwama upande wa pili wa daraja. Shauri lilikuwa moja. Parokia ilikuwa imenunua ng'ombe kwa karamu ya Noeli, pamoja na magunia ya mchele, kwa fedha zilizochangwa na jumuiya tangu Septemba. Je, vitu hivyo viliwe na waumini kama ilivyokusudiwa, au vipelekwe kwa watu walioko shuleni? Ng'ombe mwenyewe alifungwa nje chini ya mwembe, na mara kwa mara alilia, jambo ambalo halikusaidia mjadala.

Mzee mmoja alisimama. Alikuwa mtu wa kuheshimiwa, mstaafu wa reli, aliyesomesha watoto saba kwa mshahara mdogo na hakupata kukopa. Alisema hivi, na tuliandika maneno yake: Watu wale ameanza kuwasikia wakionywa tangu yeye kijana. Ramani za mji zilikwisha litenga bonde lile lisijengwe. Yeye mwenyewe alipofika mjini aliona viwanja vya bondeni jinsi vilivyo rahisi, akavikataa, akaenda kujenga mbali, akawa anaamka saa kumi ya usiku miaka ishirini ili awahi kazini. Sasa wale waliochagua urahisi wanataka kula ng'ombe wa yule aliyechagua taabu. "Nawahurumia," alisema, "lakini wamejitakia."

Hatutaki kumdharau mzee yule. Hoja yake ina uzito, na anayeijibu kwa machozi tu hajaijibu. Ni kweli kwamba binadamu amepewa akili na uhuru, na kwamba mtu ambaye hachukuliwi kama mwenye kujibu kwa matendo yake amekwisha nyang'anywa nusu ya utu wake. Ni kweli pia kwamba wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ingawa wahenga hao hao walisema ajali haina kinga. Na tumeona kwamba watu wengi huchota ile methali ya kwanza kwa msiba wa jirani, na hii ya pili kwa msiba wao.

Yafaa kwanza tuliondoe njiani wazo moja ambalo halikusemwa kikaoni lakini husemwa mitaani, kwamba gharika ni adhabu ya Mungu kwa wakazi wa mahali fulani. Bwana Wetu alilikataa waziwazi. Aliposema habari za mnara wa Siloamu, ulioanguka ukaua watu 18, aliwaambia wasikilizaji wake kwamba hao hawakuwa wakosefu kuliko watu wengine wa Yerusalemu. Mkristo anayehesabu dhambi za waliokufa maji anafanya hesabu ambayo Bwana wake alimkataza. Hapo pamekwisha. Swali la mzee ni gumu zaidi, kwa sababu yeye hakusema habari za dhambi. Alisema habari za uchaguzi.

Noeli ile ile ya mwaka 2011, siku mbili tatu tu baada ya maji ya Msimbazi kuanza kupungua, dharuba kali iliupiga mji wa Melbourne, huko Australia. Desemba huko ni kiangazi, na familia nyingi zilikuwa zimekaa mezani kwa chakula cha sikukuu. Alasiri mawingu yakapanda juu kama milima. Namna hii ya mawingu ina upepo ndani yake unaokwenda juu kwa nguvu nyingi, nao huchukua matone ya maji hata mahali pa baridi kali yakaganda. Yakishuka hupandishwa tena, na kila safari huongezewa tabaka la barafu, mpaka jiwe linakuwa zito, upepo hauliwezi tena, nalo laanguka. Mawe yalivunja mapaa, madirisha na magari katika vitongoji vya kaskazini na magharibi ya mji. Barabara ziligeuka mito. Palionekana hata vimbunga. Hasara ilihesabiwa kwa mamia ya mamilioni ya dola.

Twajua jinsi habari hizo zilivyosimuliwa. Watu walisikitika, wakapiga picha za mawe ya barafu yaliyowekwa karibu na yai la kuku ili kuonyesha ukubwa wake, na makampuni ya bima yakaanza kupokea madai. Hatukusikia mtu akiwauliza watu wa Melbourne kwa nini walijenga mahali ambapo mawingu ya kiangazi hupita. Na kama tungeuliza, wangejibu kwa haki kabisa: tunaishi hapa kwa sababu kazi iko hapa, na shule, na ndugu zetu. Jibu hilo hilo akilitoa mchuuzi wa mchicha wa Jangwani, sisi twaliita ukaidi.

Mtu atasema mambo haya mawili hayalingani, maana mvua ya mawe yaweza kuanguka popote, lakini bonde hujulikana kuwa bonde. Ni kweli, hayalingani kabisa, wala hatukuyaleta kwa kuyalinganisha sawasawa. Twataka tu kuonyesha kwamba kabla ya kumhukumu mtu kwa kuchagua mahali pa hatari, twapima kimoyomoyo kama sababu zake ni za heshima, na kwamba katika kupima huko mizani yetu huelekea upande wa mwenye bima. Mvua yenyewe haina upendeleo. Maji yakisha gusa ardhi huteremka, na kule chini yanawakuta wale ambao bei ya viwanja iliwateremsha kabla yao.

Basi, uchaguzi wa mtu wa bondeni ni uchaguzi wa namna gani? Katika masomo yetu ya falsafa tulifundishwa mfano wa Aristoteli, ambao watu wa pwani hawahitaji kuelezwa. Jahazi limepatwa na dhoruba. Nahodha aamuru shehena itoswe baharini. Je, ametaka, au hakutaka? Hakuna nahodha mwenye akili anayependa kutosa mali; lakini hakuna aliyemshika mkono, amri imetoka kinywani mwake. Aristoteli asema tendo hilo ni la mchanganyiko, ila limekaribia zaidi upande wa kutaka, kwa kuwa wakati ule, mahali pale, yeye ndiye aliyelichagua. Hivyo hatuwezi kusema kwamba hakuchagua. Lakini asema pia kwamba matendo ya namna hii pengine husifiwa, na pengine husamehewa. Na hayapimwi sawa na tendo la mtu atupaye mali baharini siku ya shwari.

Mama anayepanga chumba Kigogo naye ametosa kitu. Ametosa usalama wa mvua moja katika miaka kadhaa, ili abakize umbali ambao anaweza kuutembea kwa miguu mpaka Kariakoo akauze maandazi alfajiri na kurudi kabla watoto hawajatoka shuleni. Angechukua chumba cha mbali, nauli ingekula faida, na watoto wangekaa bila mtu. Sisi twaita jambo hilo uzembe kwa sababu twatazama shehena inayoelea tu, hatutazami chombo. Huenda alikosea katika hesabu yake. Manahodha pia hukosea. Lakini neno "wamejitakia" humchora kama mtu aliyepewa vyumba viwili kwa bei moja, kimoja mlimani na kimoja bondeni, akachagua matope kwa kuyapenda.

Na hata tukikubali kwamba yuko mtu aliyekosa kweli, aliyekuwa na njia nyingine na kwa ukaidi mtupu akakaa, je, msaada wetu umekwisha? Mtakatifu Thoma wa Akwino aliliona swali hili. Alijua fundisho la wazee wa falsafa kwamba huruma ni kwa ajili ya mtu anayeteswa bila kustahili, na kwamba kosa ni jambo la hiari. Yaonekana basi mwenye kosa hastahili kuhurumiwa. Thoma ajibu kwamba ndani ya kosa mna jambo linaloambatana nalo ambalo mkosaji hakulitaka kamwe, na kwa upande huo anahurumiwa. Mkaidi alitaka kukaa bondeni. Hakutaka mtoto wake azame. Anayesema kwamba alilitaka la pili kwa sababu alilitaka la kwanza, huyo anacheza na maneno mbele ya maiti.

Hapa sarufi ya lugha yetu yenyewe yatufaa. Liko neno "mtajitakia", na liko neno "wamejitakia". Kitenzi ni kimoja, tofauti ni wakati. "Mtajitakia" ni neno la baba na la mzee, hata la diwani na mjumbe wa nyumba kumi; husemwa kabla ya mvua, wakati wa kiangazi, na humgharimu anayelisema, maana mwenye kumwonya jirani aondoke yampasa ajue jirani ataondoka kwenda wapi. "Wamejitakia" husemwa baada ya maji. Halimwonyi mtu yeyote, halimhamishi mtu yeyote. Kazi yake pekee tunayoiona ni kumpa msemaji ruhusa ya kufunga mfuko wake.

Na ni nani aliyesema lile la kwanza kwa moyo mmoja? Katika bonde lile lile watu waliwekewa nguzo za umeme na mita za maji. Bonde lilipotangazwa kuwa hatari, jiji halikuacha kulijenga. Kituo cha mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kazi mwaka 2016, kiliwekwa Jangwani penyewe, nacho kimefurika maji zaidi ya mara moja, pamoja na mabasi yake. Walioamua hivyo walikuwa na ramani, wahandisi na viyoyozi vya kutulizia akili. Hatujasikia neno "wamejitakia" likitumiwa juu yao. Mabasi yalipoharibika mwaka 2018, watu walizungumza juu ya changamoto.

Hatusemi watu waachwe bondeni. Hapana budi waondoke, na wenye mamlaka wanaokwepa kuwaondoa wanachukua dhamana kubwa mbele ya Mungu. Lakini namna nayo ni sehemu ya haki. Baada ya gharika ya mwaka 2011 waathirika wengi walipewa viwanja Mabwepande, kaskazini ya jiji, mbali sana na Kariakoo. Baadhi walikaa, wakajenga; wengine waliuza wakarudi mjini, na neno letu likasemwa juu yao mara ya pili. Siku chache kabla ya Noeli ya mwaka 2015 nyumba za bondeni zilizowekewa alama ya X nyekundu zilianza kubomolewa kwa tingatinga, na familia zikaipokea sikukuu juu ya vifusi. Ikiwa mvua ilikuwa imewafukuza katika Noeli moja, sheria iliwafukuza katika nyingine, na yaonekana kalenda ya Kanisa haikutazamwa na yeyote kati ya hizo mbili. Siku hizi uko mradi mkubwa wa Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia ilikubali kuukopesha mwaka 2022. Wenye nyumba wengi wamelipwa fidia, na nyumba zimeondolewa. Twaupongeza. Twauliza tu juu ya mpangaji, ambaye hana nyumba ya kulipwa, ana kitanda na jiko tu.

Ndugu zetu wa Kenya walipata msiba wa namna hii mwaka 2024, mvua ya masika ilipoua zaidi ya watu 200 katika nchi ile, wakiwamo wa Mathare mjini Nairobi. Serikali yao ilitangaza tarehe 10 Mei kuwa siku ya mapumziko, ili watu waomboleze na kupanda miti. Tumelifikiria sana jambo hilo. Kwa kawaida gharika huivunja sikukuu; huko sikukuu ilizaliwa na gharika. Wako waliocheka, wakasema mti hauokoi aliyekwisha zama. Sisi hatukucheka, kwa maana siku moja ya taifa zima kuacha kazi kwa ajili ya watu wa mabondeni ni kukiri, hata kama si kwa makusudi, kwamba jambo hili halikuwa lao peke yao.

Turudi kwa ng'ombe. Mjadala ulikwenda mpaka saa tatu ya usiku. Wengine walisema sikukuu si mali yetu kuifuta. Kristo amezaliwa hata mvua ikinyesha, na watoto wa parokia wamengoja tangu Septemba. Katika hilo walikuwa na haki kuliko tulivyodhani wakati ule. Ujana wetu ulitufanya tuone kwamba kula pilau wakati jirani amelala sakafuni ni dhambi. Sasa hatusemi hivyo. Furaha haina kosa kwa kuwa furaha, na watu waliofikwa na msiba hawafaidiki kitu kwa sisi kukaa na njaa nyumbani kwetu huku tumenuna. Kosa linaingia pale furaha inapohitaji wengine wasionekane, ndipo iweze kuendelea. Mama mmoja wa jumuiya alilisema kwa kifupi kuliko sisi: "Pilau liwe lile lile, lipikwe kule."

Wakapiga kura. Mzee wa reli alishindwa, pamoja na wengine wanne. Asubuhi ya Noeli, baada ya Misa ya kwanza, ilionekana kwamba gari la parokia haliwaki, kwa kuwa maji yaliingia kwenye injini. Aliyekuwa na gari la kubebea mizigo alikuwa yeye. Alilileta bila kuitwa mara mbili, akapakia masufuria, akatufunga kamba sisi vijana tusianguke nyuma, na njia nzima aliendelea kueleza kwa dirisha kwamba msimamo wake haujabadilika. Mpaka leo hatujui kama tulipata haki ya kumhukumu. Wengi waliopiga kura upande wetu walirudi nyumbani kulala.

Shuleni tulipakua mpaka saa nane. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alitusaidia kuosha sahani, akatuambia kwamba kesho yake anarudi chumbani kwake bondeni kutoa matope na kuanika godoro, kama halijachukuliwa. Mzee alikuwa amesimama karibu, akamwuliza kwa ukali kidogo, kama baba amwulizavyo binti yake, kwa nini arudi kule kule. Akajibu kwamba amekwisha mlipa mwenye nyumba kodi ya miezi sita, na mwezi wa kwanza ulikuwa haujaisha.